Mbio Jumapili, Kizimbani Jumatano

Wifi yangu Ndeshi,

Jumapili nakimbia kilomita arobaini na mbili bila wewe. Jumatano inayofuata napanda kizimbani kusema jinsi ulivyokufa. Ukoo mzima unaniomba nisifanye hata moja kati ya hayo mawili, ndiyo maana nakuandikia wewe. Walio hai nimeshawaambia ninachofikiri, na baadhi yao hawanisalimu tena.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeniuliza hizo kwanza. Binti yako Neema yuko kwa bibi yake, Old Moshi. Anasoma, anakula, hacheki. Kibanda chako cha viatu pale Kiboriloni kimechukuliwa na mama mmoja anayeuza mapazia. Nilipita mara moja, nikakaribia kumgombeza kwa kosa la kuuza mapazia. Elibariki, mumeo na kaka yangu, bado analala kwenye kochi la sebuleni. Mlango wa chumbani ameufunga, na nguo zake anazitoa kwenye begi kama mgeni.

Kaburi lako, kule kihambani, kwenye shamba la ukoo katikati ya migomba, limeshajengewa. Wameandika jina lako kamili, na chini yake mstari wa Biblia ambao nina hakika usingeuchagua.

Sasa asubuhi ile. Nimeisikia ikisimuliwa na watu wengi mno ambao hawakuwepo, mpaka naona vema niisimulie kwako wewe uliyekuwepo. Ilikuwa Jumamosi, kumeshakucha, mlima uko wazi wote. Tulikuwa tunatoka Kiboriloni kufuata barabara ya Himo. Ulikuwa mbele yangu hatua chache, na ulikuwa unanitania kwamba nakimbia kama mtu aliyetumwa chumvi. Lori la mchanga lilikuja kwa nyuma likitaka kulipita basi, likakosa nafasi, likashuka pembeni. Mimi lilinipita. Wewe halikukupita. Ulikuwa nje ya lami, Ndeshi. Ulikuwa umekanyaga vumbi, mita nzima kutoka kwenye mstari mweupe. Nimeandika sentensi hii kwenye maelezo yangu polisi, na ndiyo nitakayoisema Jumatano. Shahidi mwingine hayupo. Basi liliendelea na safari.

Unajua askari wa barabarani alimuuliza nini mumeo pale hospitalini? "Huyu mama alikuwa anamkimbia nani?" Hilo ndilo swali la kwanza. Hakuuliza lori lilikuwa mwendo gani. Na kuanzia hapo swali hilo likapanda daladala, likafika sokoni, likaingia kanisani. Mtu akigongwa akitoka kununua maharage, tunasema ni ajali. Mwanamke wa miaka arobaini na saba akigongwa akikimbia, tunasema ni kiherehere. Kana kwamba barabara ilikuwa inamvumilia tu, na siku hiyo uvumilivu wake ukaisha. Nchi hii inajenga barabara kana kwamba hakuna raia mwenye miguu. Mguu ndio usafiri wa kwanza wa Mtanzania, na ndio wa mwisho kufikiriwa na anayechora ramani. Nimeliandika hilo gazetini mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Wasomaji walinipongeza. Malori hayasomi gazeti.

Kwenye mazishi yako mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Nikasimama, wifi, na unanijua nikisimama. Nikasema: kazi ya Mungu haina makosa, kazi ya dereva inayo. Shangazi alinivuta gauni mpaka mshono ukaachia. Hakuna aliyeitikia amina.

Halafu likaja lile jani.

Walikuja wazee sita kutoka ukoo wa dereva, na mbuzi, na pombe ya mbege, na isale mkononi mwa mkubwa wao. Wewe uliyezaliwa Marangu huhitaji kuelezwa uzito wa jani hilo. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, unasamehe. Hata kama alichokosa ni damu. Baba Mkubwa alilipokea kwa niaba ya ukoo. Elibariki aliguswa nalo kiganjani, akaitikia kwa kichwa tu. Kisha wakanigeukia mimi, kwa sababu wote walijua: ukoo ukisamehe na shahidi asipotokea, kesi inakufa kifo cha kawaida. Baba Mkubwa akasema kwa upole kabisa, "Isale halikataliwi, mwanangu. Tangu mlima huu uwe mlima halijakataliwa."

Nikauliza, "Isale hubebwa na aliyekosa. Aliyekosa yuko wapi?"

Wakasema kijana anaogopa, amebaki nyumbani Himo.

Nikasema nitalipokea kutoka mkononi mwake, siku atakaposema mbele ya watu kwamba alitoka nje ya barabara na kumkuta Ndeshi huko. Kabla ya hapo, jani ni jani. Mzee mmoja wa upande wao aliguna, akamwambia mwenzake kwa Kichagga, akidhani sisikii, kwamba mwanamke anayesoma sana huwa anakauka moyo. Nilimjibu kwa Kichagga hichohicho. Sirudii nilichosema, kuna maneno hayapelekwi kwa marehemu.

Ndivyo nilivyobaki peke yangu. Krismasi nilikula kwangu Njoro, kuku nusu na redio. Mimi Mchagga! Magari yote ya Dar yanapanda kwao, barabara nzima honi na mbuzi juu ya mabasi, na mimi nimekaa naangalia ukuta. Elibariki hakupokea simu yangu siku hiyo wala zilizofuata.

Na bado nilikimbia. Sikukimbia kwa ushujaa, na nisije nikakudanganya. Kwa wiki nyingi baada yako sikuweza kusogea kwenye lami. Nikisikia injini nyuma yangu mwili unaruka wenyewe, kabla ya akili. Mara moja niliruka nikatua kwenye mahindi ya watu, na kilichopita kilikuwa bodaboda iliyobeba magodoro. Mwenye shamba alicheka. Mimi nilikaa chini palepale, nimeshika bua la hindi kwa mikono miwili, mpaka akaacha kucheka.

Kwa hiyo nikahamia kwenye mfereji. Unaukumbuka ule mfereji wa maji wa wazee, unaokata vihamba kule juu? Kijia chake ndicho mahali pekee kwenye mteremko mzima ambapo mtu anaweza kukimbia tambarare, na gari haliwezi kufika. Tatizo la mfereji ni adabu. Kila kihamba kina mzee, na mzee hapitwi hivihivi. Wewe ndiye uliyegeuza adhabu hiyo kuwa kipimo: mtu akikosa pumzi ya kusema shikamoo mpaka mwisho, amezidisha mwendo. Siku za kwanza nilikuwa naishia "shika". Babu mmoja alinijibu, "Nishike nini?" Ungecheka mpaka ukae. Sasa naisema yote, na bado nasimamishwa: habari za huko, mvua imenyesha, kahawa imeuzwa bei gani, unakimbilia wapi, kuna msiba? Nawajibu hakuna. Halafu mbele kidogo nakumbuka kwamba upo.

Mwili wangu ungeuhurumia. Kucha mbili za mguu wa kulia zimeng'oka, ya tatu imekuwa nyeusi. Mapaja yanachubuka hata nikiyapaka mafuta mengi. Magoti yanavumilia kupanda. Kushuka ndiko kunakoyaua, na huku kwetu kila unachokipanda lazima ukishuke. Joto la ukomo wa hedhi linanijia katikati ya mbio, juu ya joto la Februari, mpaka naona weupe. Siku moja nilikunywa mtori wa ndizi asubuhi kwa kujiamini, nikautapika wote karibu na zizi la watu, ng'ombe akinitazama. Na suala la choo, wifi. Ulikuwa unaijua kazi hiyo. Ulikuwa unapiga hodi nyumba usiyoijua na kusema, "Mama, naomba choo, ni dharura ya kimataifa," na mama anakupa choo, maji na ndizi. Mimi nikipiga hodi wananiuliza kama nimekuja kuhubiri.

Lakini mwili ni nusu tu. Tulisoma sote kwamba marathoni ni kichwa, tukadhani tumeelewa. Hatukuelewa. Miezi hii nimekimbia kwa hasira. Ninaanza na yule askari na swali lake, kisha dereva, kisha wazee na jani lao, kisha mchungaji, kisha kaka yangu. Nagombana nao mmoja mmoja kwa sauti, nashinda kesi zote, na miguu inakwenda yenyewe. Hasira ni chakula kizuri kwa kilomita ishirini za kwanza. Baada ya hapo inaisha, na ukiangalia mfukoni hakuna kingine ulichobeba.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa na ile mbio ndefu kuliko zote, ya mwisho kabla ya kupunguza mazoezi. Nilipita vihamba nisivyovijua, nikaenda nikarudi mpaka wazee wakaacha kuniuliza. Mahali fulani baada ya kilomita ya ishirini na nane, nilimtafuta dereva kichwani ili nimpige tena, na hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo. Nilikuwa na wewe tu, na wewe hukuwa na la kusema. Msuli wa paja ukakaza kama kamba. Nikaanguka nusu kwenye kijia na nusu kwenye mfereji, na maji ya baridi yakawa yananipita. Nililia hapo, wifi, kilio kibaya, cha mdomo wazi. Kwenye mazishi sikulia, nilikuwa na kazi ya kugombana. Mwanamke aliyekuja kuchota maji aliweka ndoo chini, akaunyoosha mguu wangu kwa nguvu bila kuuliza jina, akasema, "Pole, mama. Umefiwa?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu hivyo mtu yeyote njiani.

Sikusimama nikawa mtu mpya. Nilichechemea mpaka nyumbani, na siku mbili nilishuka ngazi kinyumenyume. Ila tangu hapo najua jambo moja: Jumatano sitakwenda kwa sababu ya hasira, kwa kuwa nimeshaipima na haifiki. Wakili wa dereva ataniuliza maswali yaleyale kwa njia kumi, atasubiri nichoke. Kesi imeahirishwa mara kadhaa, na kila mara wanatazama kama nimekuja. Wanategemea uchovu. Watu wengi nchini hapa hawashindwi na hoja, wanashindwa na kuahirishwa.

Jana Elibariki alikuja Njoro. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, amekonda. Nikamkaribisha, akakataa kwa mkono. Nilikuwa na hotuba tayari, unajua huwa ninazo. Akaniuliza swali moja tu, ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuniuliza tangu ufe, kwa sababu wote wanamwogopa shahidi.

"Alikuwa amekanyaga wapi?"

Nikamwambia. Nilimwonyesha kwa hatua pale uani: huu ndio mstari mweupe, hapa ndipo lami inapoishia, hapa ndipo alipokuwa. Aliangalia chini pale niliposimama. Kisha akaja akasimama palepale, na viatu vyake vya kanisani. Hakusema kwamba ananiunga mkono. Hakusema kwamba nimekosea. Alisema, "Miezi yote hii nilidhani ulikuwa katikati ya barabara kwa ubishi wako," akiongea na wewe, si na mimi, halafu akaondoka bila kuaga. Sijui kama Jumatano atakuja. Sijui kama ataketi upande wangu. Sikumwomba.

Kwa hiyo Jumapili nakimbia. Siku hiyo wataifunga barabara kwa kamba na polisi, na lori la mchanga litasubiri mwanamke apite. Ni asubuhi moja kwa mwaka, nitaitumia yote. Siahidi muda mzuri. Nikitembea nitatembea. Nikitambaa nitatambaa, na wapiga picha wapige.

Na Jumatano nitasema ulipokuwa, mara moja, polepole, bila hotuba. Nikimaliza, kama yule kijana atanyanyuka mwenyewe na kusema "ni kweli", nitalipokea jani lake kwa mikono miwili na nitakunywa mbege na wazee wake, hata yule niliyemtukana. Asiposema, nitarudi siku watakayoahirishia, na inayofuata.

Sasa nikuache, Ndeshi. Kila tulipopanda kilima ulikuwa unafika kwanza, unasimama juu ukirukaruka ili misuli isipoe, unanipigia makofi mpaka nifike. Safari hii usirukeruke. Keti, vua viatu, jifunike. Nina binti yako wa kumrudishia kicheko na kesi ya kumaliza, na mimi, kama unavyojua, ni mzito wa kupanda. Nakuahidi nitachelewa sana.

Wifi yako,
Aika