Mume Wangu Amelipamba Gari, Sasa Halipandi Kilima

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada naomba kwanza unipe hongera, maana nimeolewa, tena bado mbichi, hata mtu akiniita mke wa fulani nageuka nikiwa nimeshatabasamu. Mume wangu ni fundi makochi. Mtaani wanamwita Sindano kwa sababu ni mwembamba na kwa sababu ndiyo kazi yake, nami wananiita Bi Sindano, na tangu nizaliwe sijapewa jina lililonikaa vizuri kama hili. Ukimpelekea kochi lililokufa, springi nje, sponji imeliwa na panya, analirudisha likiwa hai mpaka mwenyewe anaona aibu kulikalia. Nilimpendea mikono hiyo. Nilipeleka kiti cha mama yangu kishonwe, na kila nikienda kukichukua ananiambia mto bado haujawekewa vitundu vya hewa kwa chini, nikiukalia hivyo utavimba mshono upasuke, basi narudi nyumbani, kesho naenda tena. Baada ya ndoa ndipo akaniambia kwamba vile vitundu vilikuwa tayari tangu siku ya kwanza, alikuwa hataki tu kiti kiondoke kwa sababu na mimi ningeondoka nacho. Nililia, mshauri, nikacheka, nikalia tena.

Sasa shida yangu. Mjomba alitupa gari lake la zamani liwe zawadi ya harusi, dogo, jeupe, la kabureta, lakini zima, maisha yake yote halikumlaza mjomba njiani. Mume wangu akasema mke wake hatapanda gari la kawaida kama gunia la kawaida. Akamshonea muuza vipuri mmoja viti vya dukani na vya sebuleni kwake, wakapatana malipo yawe ni vifaa, akarudi nyumbani na chujio la hewa la wazi, jekundu, lenye umbo la pia wanayochezea watoto, na bomba la moshi pana linalong'aa ukajiona meno, na rimu kubwa zenye matairi mapana. Alivifunga mwenyewe nje ya nyumba, mimi nampa spana na kumfuta jasho, na lile boksi jeusi la chujio la zamani akalifuta vizuri, akalihifadhi chini ya kitanda. Tukaenda kulijaribu. Gari liliruka, sikudanganyi. Kweli kwenye kuondoka lilikuwa zito kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, lakini likishachanganya mwendo hulishiki, na kwa ile sauti watu walitoka milangoni kutuangalia. Nikamwambia kumbe nimeolewa na rubani. Siku hiyo mume wangu alitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Ujue kwamba ana kanuni moja, kitu kizuri hakitoki karakana bila vazi. Kwetu rimoti ina koti, pasi ina koti, mpini wa mlango wa friji una koti lenye vifungo. Basi baadaye akafungua boneti akaona vumbi limekaa juu ya lile chujio jekundu, ikamuuma kama amepakwa yeye. Akalishonea koti la ngozi ya bandia, rangi ya maziwa, mshono wa mara mbili, limebana sawasawa kama soksi, na juu yake akatarizi herufi ya jina lake na ya jina langu zimekumbatiana. Nani mwingine ana mume anayeandika jina la mkewe ndani ya boneti, mahali ambapo haoni mtu isipokuwa Mungu na fundi wa gari? Nilipiga picha nikawatumia dada zangu wote, hata yule tuliyenuniana. Lakini hilo nakutajia tu ili ujue ni mtu wa namna gani, turudi kwenye gari.

Gari likaanza kukata tamaa. Likisimama linanguruma vizuri, barabara ya tambarare linakwenda, lakini likiona mwinuko, ukakanyaga mafuta, linabanwa kama mtu mwenye pumu, linakohoa, linatoa moshi mweusi, na kadiri unavyokanyaga ndivyo linavyozidi kulegea. Petroli linakunywa kama limetoka jangwani. Juzi tulipitwa na bwana mmoja anasukuma baiskeli kwa mguu, na alipofika usawa wa dirisha langu akapiga kengele kwa adabu, ili tumpishe. Mume wangu akasema gari bado linazoea vifaa vipya. Nikasema ndiyo mume wangu, linazoea. Nikaongeza kwamba leo limekuwa jepesi kuliko jana. Ningesema nini, na yeye ananiangalia kwa yale macho?

Hapo bado si kitu, kitu chenyewe ni hiki. Wifi yangu, mdogo wake wa mwisho ambaye kwake ni kama yai, anaolewa wiki mbili zijazo, na ukumbi uko juu ya kilima kikali chenye kona karibu na mwisho. Tulikaa kikao cha familia, ikafika habari ya gari la bi harusi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ana pikapu mpya na mdomo mpana kuliko hiyo pikapu. Akajitolea, akamwambia mume wangu asione vibaya, lile lake alipeleke mbele likapige ngoma, kwa sauti linaweza, kupanda aachie wanaoweza. Watu wakacheka. Mama mkwe alijizuia, lakini niliona mabega. Mume wangu hakucheka. Aliweka kikombe chini akasema, "Dada yangu atapandishwa kile kilima na gari langu, na hakuna mtu atakayeshuka kusukuma."

Mimi nikajivuna, nikasahau yote, nikasema mbele ya kikao kizima, "Litapanda, mama. Hata likiwa na watu watano." Wifi akanikumbatia. Shemeji akasema haya, atakuja nyuma yetu na kamba, ikihitajika.

Tangu pale silali vizuri, kwa sababu ninalijua lile gari, halitafika hata kwenye kona. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, na aliyekuwa akilisifia gari ni mimi. Nikinyamaza atachekwa mbele ya ukoo mzima na bi harusi ataburutwa na kamba ya shemeji. Nimewaza sana nikapata njia moja. Asubuhi ya harusi nitachomoa waya kidogo, gari ligome kuwaka palepale nyumbani, maana gari kugoma nyumbani ni bahati mbaya, kushindwa mlimani ni fedheha. Yeye hatakuwa na kosa, wifi atapanda pikapu, na heshima ya mume wangu itabaki. Naomba uniambie, ni waya upi naweza kuuchomoa usilete madhara? Na kama unaona njia nyingine niambie, lakini iwe njia ambayo haitamfanya mume wangu ajione mdogo, maana kwangu ni mrefu kuliko hicho kilima.

Ni mimi mwenye furaha na wasiwasi,
Bi Sindano

*

Bi Sindano,

Hongera sana. Uliiomba, nimekupa, na nimekupa kwa moyo, maana barua za ndoa ninazoletewa hapa nyingi hazina mtu anayefutwa jasho. Sasa kaa vizuri.

Waya sikutajii. Umeolewa juzi na tayari unataka kumhujumu mumeo kwa mapenzi. Leo utachomoa waya ili asichekwe, kesho utamficha daftari la madeni ili asishtuke, keshokutwa mnaishi nyumba moja kila mtu na gari lake bovu. Halafu hebu fikiria ile asubuhi yenyewe. Mumeo kavaa suti, bi harusi anasubiri, gari halitaki kuwaka. Unadhani atasema bahati mbaya akaingia kwenye pikapu? Mtu anayefumua kochi mpaka mifupa? Atavua koti afungue boneti, na kitu cha kwanza atakachokiona ni waya wako unaning'inia.

Kosa lako la pili ni kubwa zaidi, na umeliandika mwenyewe. Gari linapitwa na mtu anayesukuma baiskeli, wewe unasema limekuwa jepesi kuliko jana. Mumeo si mjinga, dada yangu, ni mtu aliyepewa taarifa za uongo na shahidi anayemwamini. Fundi akiambiwa kochi ni zuri wakati springi inamchoma mteja, atalitengenezaje? Msifie mikono yake mpaka uchoke, inastahili. Gari lisifie likipanda.

Haya, gari lenyewe. Mimi nimeendesha magari ya kabureta tangu wewe hujaanza kusuka nywele, na nilipofika katikati ya barua yako nililiona tatizo, palepale uliponiambia turudi kwenye gari. Soma tena ulichoandika. Siku zile za kwanza, chujio likiwa uchi, gari liliruka. Likaanza kukohoa baada ya kuvalishwa koti. Ngozi ya bandia haipitishi hewa, na hilo koti mwenyewe umesema limebana kama soksi. Likiwa limesimama injini inapumua kidogo, inatosha. Kwenye kilima inataka hewa nyingi, haiipati, kabureta inaendelea kumwaga petroli isiyoungua, ndiyo huo moshi mweusi, ndiyo hiyo kiu. Gari la mjomba halijachoka. Limezibwa pua, kwa mshono mzuri ajabu.

Sasa usiende kumwambia kwamba mshauri wa gazeti amesema kazi yake imeua gari. Subiri awe ametulia, ameshakula, mkae mbele ya kile kiti cha mama yako au kingine kama hicho. Mwulize swali moja tu, "Mume wangu, kiti cha mama kilinirudisha karakana kila siku kwa ajili ya vitundu vya hewa. Hili koti la chujio, vitundu vyake viko wapi?"

Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi, lakini jitahidi. Duniani hakuna anayejua kuliko yeye kwamba ngozi ile haipumui, ndiyo maana mto huachiwa njia. Atacheka au atashika kichwa, halafu atainuka kutafuta tochi, na atakayekuwa ameligundua tatizo ni yeye, kwa ujuzi wake mwenyewe. Hapo hajawa mdogo hata kidogo. Ukweli wa kwamba umekuwa ukimsifia gari linalokufa utamwambia baadaye kidogo, siku hiyohiyo, na utaomba radhi. Si siku nyingine.

Mkishavua koti, msikimbilie kubadili kila kitu, maana mkibadili vitatu kwa pamoja hamtajua kilichoponya. Toeni koti, msafishe plagi, zitakuwa nyeusi tititi kwa masizi, halafu mkakipande kilima chenyewe, si kingine, mkiwa watano kama ulivyotamba. Wachukue dada zako, pamoja na yule mliyenuniana, itakuwa njia nzuri ya kupatana. Likipanda, vizuri. Likiwa bado zito kwenye kuondoka, hilo ni deni la matairi. Rimu kubwa na tairi pana zinaibebesha gia ya kwanza mzigo isioujua, basi rudisheni matairi ya mjomba kwa ajili ya harusi. Na hata likipanda, mkiwa mmejaa sikilizeni kwenye kona kama tairi linakwangua bodi. Likikwangua hakuna mjadala, matairi ya zamani yanarudi. Bi harusi si mtu wa kufanyiwa majaribio.

Halafu lipo lile boksi jeusi chini ya kitanda chenu. Mumeo anaogopa vumbi, na ana haki, vumbi linaua injini. Lakini boksi lile ndilo koti alilolishona fundi wa kwanza wa gari hilo, limefunika kila upande na limeachiwa mdomo wa kuvutia hewa. Mwache alitoe alitazame kwa jicho la fundi mwenzake. Nadhani ataliheshimu, na nadhani atalirudisha mwenyewe bila kuambiwa. Bomba la moshi likibaki, libaki. Shemeji yako naye apate cha kusikiliza akiwa nyuma.

Kuhusu huyo shemeji, msimjibu neno. Na kamba yake mwacheni aje nayo.

Limebaki koti lenyewe. Usikubali litupwe, na usikubali alifumue kwa hasira. Mwambie alipunguze, alishone upya liwe kofia ya kichwa cha gia, zile herufi mbili zikae juu. Pale kwenye kona, dada yake amekaa nyuma na shela lake, pikapu inawafuata, mumeo ataweka gia ya kwanza, na majina yenu yatakuwa ndani ya kiganja chake. Wewe kaa pembeni yake utazame mbele. Mkifika juu, ndipo useme lile neno lako la rubani.