Reine ya aquarium ya tatu

Siku ya kwanza, 6 Oktoba 2025
Reine amepotea. Tangu siku ya posho, ni kusema jumamosi. Tilapia yangu ya kilo moja na gramu mia mbili, mama ya samaki yote ya étang zangu za mutaa ya Annexe — mabwawa tatu, nilichimba mwenyewe na pelle! Nilimuazimisha ku faculté ya universite, banafunzi baone namna anachunga mayai ndani ya kinywa. Leo nafika ku sale, chumba ya aquarium: ku aquarium ya tatu maji iko, Reine haiko. Adalbert, assistant mwenye kuchunga sale, anaangalia viatu vyake. Eti nirudie kesho. Samaki inaendaka congé ya kazi?

Siku ya pili, 7 Oktoba
Mama Chance, mwenye kupangusa sale, ananinong'oneza: posho kulikuwa fête ya profesa mumoja, balikula samaki. Kubwa. Na pilipili. Reine, na mayai mia nane, ndani ya sosi! Adalbert hashike simu.

Siku ya tatu, 8 Oktoba
Hakukuliwa! Hakukuliwa! Adalbert amesema yote, nyuma ya mulango. Posho courant, umeme, ilikatika, pompe ya hewa ikasimama, samaki zikaanza kuhema juu ya maji. Kutosha munyama ya masomo, kumuondoa ku faculté, ni kufukuzwa kazi. Adalbert alimutosha Reine. Ndani ya ndoo, mpaka kwabo, ku mutaa ya Katuba. Tena kwa miguu — bus ikiruka ndani ya mashimo, Reine angetapika mayai. Na cravate ku shingo, ndoo ku kifua, bantu banamuuliza bei! Niko na hasira: angenipigia simu. Niko na hasira, na ninacheka peke yangu ku soko.

Siku ya tano, 10 Oktoba
Katuba. Reine iko ndani ya bassine ya kufulia ya Mama Émerance, mama ya Adalbert. Nguo chafu zimefika ku dirisha. Jamaa yote iko na zamu ya kikopo: kuteka maji, kuimimina toka juu, pumzi iingie. Mama Émerance anasema mashuka nitafua mimi. Eti huyu kijana hajamubebea yeye hata ndoo moja. Bote bakacheka. Adalbert akasugua kikopo ileile mara tatu.

Kisha Reine akafungua kinywa. Batoto! Kama moshi! Nilihesabu mpaka mia tatu kumi na saba, nikaacha. Mimi, kuacha hesabu! Mulango ukapigwa na upepo — bote bakarudia mbio ndani ya kinywa ya mama yabo.

Courant imerudia ku faculté. Adalbert ananiuliza polepole Reine arudie wapi. Nikamuangalia.

«Adalbert, ulimubeba sababu ya banafunzi bako, ao sababu yangu mimi?»

Kinywa yake imefungwa kama ya Reine: iko kitu mule ndani. Mama yake ameacha kumimina maji asikie muzuri. Nikashika kikopo, zamu yangu imefika.

«Reine arudie wapi, nitakuambia nikipata jibu yako. Sitaki maneno ya kuzunguka. Kesho, mbele ya saa sita ya muchana, unijibu: sababu ya nani?»