Mpiga Mdundo wa Wimbo wa Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta salama, wewe, wifi yangu na mapacha wenu wasiotulia. Mgongo je? Fundi asiyenyanyuka kitini hujishonea maumivu mwenyewe. Nimekwisha kukueleza hilo mara mia. Mimi sijambo, tena kuliko mwezi uliopita.

Unajua kwamba tangu nistaafu kufundisha hesabu nimekuwa prodyuza, na vijana huniita Bibi Mitambo. Huniletea nyimbo zao nizifanyie rimiksi. Rimiksi, usichoke kunisikiliza, ni kama kufumua gauni la mtu na kulishona upya kwa kitambaa kilekile: mwenyewe alitambue, ila limkae vingine. Kila wimbo huwa na orodha ya waliohusika: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga nini.

Sasa mwimbaji mmoja mwenye sauti nzito, tunamwita Ngurumo, anakusanya nyimbo tulizofanya pamoja ziwe albamu. Juzi alikuja kwangu tuhakiki orodha. Tulipofika wimbo wa nne, ule usiokosekana harusini, alizima sauti zote akaacha mdundo peke yake, akauliza umepigwa kwa chombo gani. Nikajibu kompyuta. Akasema, kwa adabu zote, kwamba kompyuta haichechemei. Hapo kuna mtu, na kila baada ya mapigo saba anasita kidogo.

Miaka sita nimeandika jina langu mahali pa mpiga mdundo, na Ngurumo akishamkuta mtu na uongo hafanyi naye kazi tena. Nikamweleza yote. Alicheka hadi akashika meza, akaniambia kumbe Bibi anamficha mpiga ngoma hodari kuliko wote mjini! Kisha akanisogezea orodha nisahihishe, kwa sharti moja: mwenyewe akubali.

Mwenyewe ni wewe. Mwaka ule duka lako lilipokuwa likijengwa upya, ukawa unashonea sebuleni kwangu, niliweka kinasa sauti nyuma ya pazia bila kukuomba ruhusa. Mdundo ule ni cherehani yako, na mkanda wake uliolegea, na mguu wako. Nilijiambia kelele za kazi hazina mwenyewe. Zinaye. Hata uliponilalamikia kwenye simu kwamba wimbo ule unakukumbusha kazi mpaka siku ya mapumziko, nilicheka, nikakuuliza habari za mapacha. Nisamehe, ndugu yangu.

Orodha itachapwa mwisho wa mwezi. Ukikataa, nitaufuta mdundo wote, wala sitanuna. Lakini tangu niandike jina lako pale kwa penseli, wimbo wenyewe naweza kuusikiliza bila kutazama pembeni.

Msalimie wifi. Mwambie sasa ana haki ya kukuuliza kwa nini harusini hukai kwenye mapigo.

Nakutakia afya na mgongo ulionyooka.

Ni mimi dada yako,
mpiga kinanda tu, si mdundo, katika wimbo wa nne.