Petroli Yangu ya mu Ziwa Eduardi

Mujukuu wangu Kahindo,

Siye wote huku Butembo tuko wazima, na maharagi ya Vuhovi imebeba mpaka miti inainama. Mengine unasikiaka ku radio, tuiache. Unauliza kama ni kweli nilivumbua petroli chini ya ziwa, sababu mwalimu wako wa mawe anasema bado hakuna mutu alitoboa kule.

Ni kweli, ao karibu kweli. Nilikuwa dereva wa pirogi, mutumbwi ya motere, wa kwanza ku ziwa lote, na nilibeba mama mumoja mwenye kutafuta petroli. Nikaona maji inangaa rangi mingi. Nikapiga kelele: "Petroli! Mimi njo nimeiona!"

Yule mama akakoroga na kijiti. "Rangi ikivunjika vipande, ni kutu tu ya udongo. Ikijirudilia pamoja, ni mafuta."

Ikajirudilia! Nikaanza kuimba. Yeye akafuata ile rangi na macho mpaka ku motere yangu: tiyo ya esanse, ule mupira wa kupitisha mafuta ya motere, ilipasuka.

"Papa," akaninongoneza, bavuvi wa pirogi za pembeni wasisikie, "petroli yako inatoka Butembo."

Tukafunga tiyo. Kesho yake nilivukisha bamama na batoto, na motere haikuzimika katikati ya maji. Mpaka leo ninamushukuru.

Lakini ile siku, mbele ya kuachana, nikamuuliza: "Basi, chini petroli iko ao hapana?"

"Kuna matope ya zamani, tabaka juu ya tabaka. Inaweza kuzaa petroli. Lakini sijue."

Mutu wa masomo yote ile, na anasema "sijue"!

Kahindo, unajua hadisi zangu: mimi nilishavua tilapia ya ukubwa wa mulango. Lakini swali yako, mimi koko wako, babu yako, ninaijibu kwa mukono yangu mwenyewe: sijue. Siku utatoboa kule chini, uniambie mimi wa kwanza.