Hajati Hajibu Salamu

Jumanne jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, viatu vyangu vimelowa na sina hata hamu ya kuvianika.

Kwenye wodi yetu ya saratani, ukimuuliza mtu kama amechoka atakwambia hajambo. Hata asiyeweza kuinua kikombe hajambo. Ndiyo maana mimi, muuguzi wao, siulizi, nasalimu. Nasalimu kirefu, kama tulivyolelewa katika kambi ya polisi ya Naguru: umeamkaje, watoto je, nyumbani je, majirani je. Kisha nasikiliza pumzi inakatikia wapi.

Hajati, mama wa Kinubi wa kitanda cha dirishani, alikuwa bingwa. Salamu zake zilifika mpaka kwa kuku wa jirani. Wiki iliyopita aliwaacha kuku. Kisha akawaacha majirani. Leo aliinua kidole tu, akafumba macho, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulala.

Hapo nilijua. Uchovu wangu mimi nikilala unaisha. Wake unaamka naye.

Niliangalia yote tunayoangalia: maumivu, chakula, usingizi, huzuni. Daktari akataka damu ipimwe, nami nikamwomba Mungu iwe pungufu, kwa sababu damu huongezwa. Haikuwa pungufu. Nilikasirika kweli, eti mgonjwa wangu ana damu ya kutosha!

Halafu binti yake, Hadija, akanivuta pembeni. Ana duka huko Mengo, huja akishafunga, na huniita musawo, kama watu wa hapa wanavyomwita daktari au muuguzi. Mkononi alishika leso mpya ya kujifunga, bado imekunjwa. Kwao mama asipojibu salamu ya mwanawe, basi radhi imeondoka.

“Musawo, mama amekataa kusalimia mimi. Amekasirika sababu mimi nachelewa kuja. Saidia, ongea na yeye, nampa hii leso anisamehe.”

Nilimweleza polepole. Mama hana hasira. Kujibu salamu ni kazi, na ugonjwa umemmalizia nguvu za kazi hiyo. Akauliza dawa yake. Nikasema tutampunguzia shughuli, tutamnyoosha miguu kidogo akiweza. Dawa sikuitaja, maana sina.

Nilidhani atapumua. Akakaa chini pale pale sakafuni, leso mapajani.

“Heri angekasirika, musawo. Mtu wa hasira unamwomba msamaha.”

Nimerudi nyumbani na maneno hayo, na chai imepoa mbele yangu.

Kesho niko zamu ya asubuhi. Nitamsalimu Hajati kifupi, nipite haraka, asijisumbue kujibu.

Huko ni kumhurumia, au nimeshaanza kumuaga?