Kompyuta Imeamka, Naogopa Kumwambia

Mpendwa Bibi Herminia wa redio, naomba unishike mkono, maana jambo hili nikiwaambia wenzangu wa tanuri la matofali watanicheka mpaka majivu yapoe.

Mimi ni mtu wa Tarija, nafyatua matofali huku ugenini Comodoro, na nina kompyuta kuukuu ya kukunja niliyoiokota kwenye vyuma chakavu, ya aina ambayo karibu watu wote wameshaitupa, na kila nikiifunika inalala haiamki tena, basi watu wa klabu ya kompyuta wakanionyesha namna ya kumwandikia Nilda, mwanamke wa Montevideo anayerekebisha kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani inayoamrisha mashine nzima, naye hana mashine kama yangu, kwa hiyo hunitumia viraka vya majaribio, yaani vipande vya marekebisho ya mfumo, mimi naviweka, nafunika, nafunua, namweleza kioo kimeonyesha nini. Kila mara huuliza, "Imeamka, don Casiano?" na chini yake, "Na wewe, umekula? Upepo wa huko umetulia?" Mimi najibu la kompyuta tu, hayo mengine naona haya, ingawa huku hakuna mwingine anayeniuliza kama nimekula. Froilán, mwenzangu wa chumba, hunitania, "Hiyo kompyuta ina usingizi kuliko mlinzi wetu, inunulie godoro!" Sasa kiraka cha Jumapili kimefaulu, nimefunika na kufunua mpaka bawaba zinalia, inaamka, na Nilda anangoja neno langu ili kiraka kiingie kwenye toleo jipya la mfumo, lakini nikimwambia imeamka, ataniandikia tena kwa sababu gani?

Casiano, ndugu yangu, pole. Naujua upweke wa kula umesimama. Lakini acha nikukemee. Wewe ndiye macho ya huyo mwanamke. Ukinyamaza, atahangaika kutafuta kosa ambalo halipo, toleo litapita, na wachache wenye mashine kama yako watabaki nazo zimelala. Huko si kumpenda, ni kumchosha.

Halafu amekugongea mlango mara zote hizo, nawe unamjibu habari za kioo! Haya gani hizo, mwanamume mzima?

Leo ukitoka kazini, osha mikono, keti, umwandikie kwamba imeamka na jinsi ulivyoijaribu. Mruhusu aweke jina lako chini ya kiraka, kama desturi yao kwa aliyejaribu. Kisha ruka mstari. Mwambie umekula nini, na upepo unavumaje, umuulize na yeye amekula nini. Swali hilo halihitaji kompyuta mbovu.