Kabla Bati Halijapata Moto

6 Januari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku tanurini. Sisi ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye kwenye hilo ghala la maua lenye baridi. Simu yako siku hizi naisikia nusunusu, sikio limechoka, ndiyo maana nampa dereva wa lori lenu la maua barua. Barua naisikia yote. Dereva huyo ameniambia mnafanya kazi mmevaa makoti na kofia za sufu. Nimecheka. Mwenzio huku nikiiona pasi naiona kama adui, na udobi ndio kazi niliyoichagua mwenyewe.

Watoto wako wanakula, wanalala, wanagombana. Bosi ana miaka mitano na amri za mtu wa hamsini. Jana kaniambia, "Bibi, leo hupigi pasi, leo unatupeleka kuteleza." Mdogo wake Tonge hana maneno mengi. Yeye huleta viatu tu na kuviweka miguuni pangu.

Basi nikawapeleka kwenye uwanja wa watoto, ule nyuma ya zahanati. Geti linafunguliwa saa tatu, na saa tatu jua limeshakolea. Kivuli hakuna hata cha dawa. Na lile bati la kuteleza, mama, ni pasi kubwa iliyoegeshwa. Tonge kakaa juu yake na kaptura fupi, akaruka kama aliyekalia siafu. Mapaja yaliwaka, ila hayakutoa malengelenge. Nilimtuliza kwa kitambaa cha maji.

Sasa wanashinda ndani, wanaruka juu ya nguo za wateja. Bosi amechukua gauni la bibi harusi wa watu akalifanya hema. Niambie nifanye nini, la sivyo utanikuta nimepasuka.

Mama yako


14 Januari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila vidole vinakufa ganzi. Ukishika mashina ya mawaridi kwenye baridi tangu asubuhi, jioni huwezi hata kufunga kifungo cha shati. Barua yako nimeisoma wakati wa chai, nikacheka mpaka msimamizi akauliza kama nimeletewa posa.

Kuhusu bati, Mama, maisha yako yote umetawala pasi, leo bati linakushinda? Chukua ndoo ya maji, limwagie, lifute na tambara, watoto wateleze. Nakuomba usiwafungie ndani. Hapa kinachonipa nguvu ni kuwafikiria wako nje wanapiga kelele. Na Tonge unamjua, akizoea kukaa kimya ndani, atazoea kweli.

Mpulizie mapaja kwa niaba yangu. Mwambie Bosi kwamba bibi harusi ni mteja, na hema lirudishwe.

Mwanao


23 Januari

Mwanangu,

Natumai hujambo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Tonge amevunjika mkono. Ni mzima, anakula, amelala hapa ubavuni kwangu, na daktari kasema mfupa wa mtoto huunga upesi. Nimeanza na hilo ili mengine usiyasome roho ikiwa mkononi.

Nilifanya ulivyosema, nikabeba ndoo. Lakini unanijua, ndoo yangu haikosi sabuni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeloweka mashuka, nikaenda na maji yaleyale. Sikufikiri, mkono tu ulizoea. Nikalimwagia bati, nikalisugua, likang'aa, nikajisifu kabisa. Bosi akamwachia mdogo wake atangulie, eti yeye ndiye mgonjwa wa mapaja. Tonge hakuteleza, mama. Aliruka. Aliupita mchanga wote, akaangukia kwenye ukingo wa saruji.

Nilimbeba mpaka zahanati nikiwa peku, sijui kandambili ziliishia wapi. Wamemfunga plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Yeye hakulia sana. Niliyelia ni mimi, mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Nisamehe. Dereva anangoja mlangoni.

Mama yako


27 Januari

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata. Namshukuru Mungu kwa uzima wake.

Siwezi kuandika mengi. Maji ya sabuni, Mama? Kwenye bati? Nimejifungia chooni nikalia mpaka wenzangu wakaja kugonga.

Nimezungumza na shangazi yao. Ana nyumba yenye feni, ana ua uliozungushiwa ukuta, ana dada wa kazi. Likizo yangu ikitoka mwezi wa tatu nitakuja kuwachukua niwapeleke kwake. Kabla ya hapo, usiwapeleke uwanjani tena. Hili naomba tusibishane.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Baridi inakutendeaje? Mwezi uliopita nilikuandikia mara mbili, na dereva anaapa alikukabidhi mkononi. Hukujibu. Wala sishangai, mimi nami nikinuna hununa hivyohivyo. Tabia hiyo hukuiokota njiani.

Sitakuficha. Amri yako nimeivunja. Plasta imeshatolewa na mkono umenyooka, anashika kijiko, anamvuta dada yake nywele. Mkono umepona, ila Tonge mwenyewe hajapona. Muda wote huo hakuniletea viatu hata mara moja. Vilikaa pale mlangoni mpaka vikashika vumbi, nami kila nikifagia navisogeza huku moyo unaniuma. Mwishowe nikasema, mwanangu na anikasirikie, lakini huyu mtoto nitampeleka.

Nikaenda kwa mlinzi wa uwanja, tukaelewana. Mimi nampigia pasi sare zake, mistari inasimama kama anakwenda gwaride. Yeye anatufungulia geti kukipambazuka tu. Saa hiyo bati bado lina ubaridi wa usiku. Kwanza nalamba kidole naligusa, kama ninavyopima pasi. Nikiridhika ndipo watoto wanapanda. Likianza kupata moto, tunarudi zetu nyumbani kunywa chai. Ndoo naiacha nyumbani, naapa.

Bosi anateleza huku anawapa kunguru amri. Tonge anakaa mchangani ameshika sketi yangu. Ngazi anaitazama tu, na mimi simsukumi.

Najua unakuja. Ukiamua kuwachukua, wachukue, wewe ndiye mama yao. Nitalia, halafu nitanyamaza. Ninachoomba ni kimoja tu. Asiondoke kwangu akiwa mwoga, tena mwoga kwa sababu yangu. Siwezi kulala na hilo.

Mama yako anayekupenda, hata ukinuna


24 Machi, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Hii haijaletwa na dereva. Nimeibana chini ya pasi yako, na nimehakikisha ni ya baridi. Habari za hapa nyumbani? Mimi ni mzima, na nimefika.

Basi lilinishusha jua halijachomoza. Nikagonga, kimya. Ufunguo ulikuwa palepale chini ya chungu cha maua. Nikaingia, vitanda vitupu, hakuna mtu. Nikawaza zahanati, nikawaza mengine ambayo siyaandiki. Halafu nikatazama pale mlangoni. Viatu vya Tonge havikuwepo. Nikajua mko wapi, nikatoka mbio.

Niliwaona kupitia kwenye uzio. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwaite, ndipo nikaona Tonge yuko kwenye ngazi, peke yake, katikati. Wewe umesimama chini, mikono umeifunga nyuma, nadhani usije ukamdaka bila kutaka. Bosi anakukemea, "Bibi, usimguse! Anaweza!" Nikauma mtandio. Ningeita, angeshuka, na wewe ulikuwa umengoja siku ngapi kwa ajili ya zile hatua?

Alifika juu akakaa. Alikaa hata nikadhani amebadili mawazo. Kisha akalamba kidole, akaligusa bati, akakitazama kile kidole kama fundi anayejua kazi yake. Akajiachia. Akashuka polepole, akatua mchangani. Halafu akacheka. Mama, kicheko kile sijakisikia tangu niondoke. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Januari. Mlinzi akanikuta nalia huku nimeshika uzio, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, hapa ndipo nilipokuwa naenda. Kweli sare yake imenyooka.

Sikuingia. Alikuwa ameshakimbilia ngazi tena, na jua lilikuwa bado changa. Nikasema waache wateleze mpaka bati lipate moto, nitawangoja nyumbani.

Barua zako mbili nilizisoma mpaka zikachakaa. Nilishindwa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia kwa jambo lililokuwa langu pia. Ndoo niliitaja mimi, wewe uliongeza sabuni tu. Nilitaka kukwambia haya uso kwa uso, lakini sijalala tangu juzi na macho hayafunguki. Niko kitandani kwako. Mkirudi niamsheni, na anayeniamsha awe Tonge.

Shangazi yao nimeshampigia simu, nimemwambia asihangaike kutandika. Nimekuja na mabegi mawili. Lile kubwa lilikuja tupu, lilikuwa la kupakia nguo za watoto. Nimelijaza nguo zangu chafu zote, maana kule ghalani maji ya baridi yalinishinda kufulia. Liko uani, karibu na ndoo. Sabuni tia upendavyo.

Mwanao